Mabati ya Mstari wa Arobaini na Saba

Saa nne kasorobo asubuhi, msafishaji wa data alisogeza kikombe chake cha chai mbali na kompyuta, akaufungua mstari wa arobaini na saba, akaanza kufuta.

Kwa wiki mbili ndege ndogo ilikuwa imelipita bonde la mbali huku na huko, ikiruka chini, mfano wa mtu apigaye pasi shuka kubwa, na kila pito likawa mstari mmoja wa data. Mkiani ilibeba kipimo cha sumaku, ambacho kazi yake ni kuyasikia mawe yenye madini ardhini. Bahati mbaya kipimo hicho hakichagui. Husikia pia mageti, matangi na mapaa ya mabati. Hayo yote ofisini huitwa makelele, na kwa miaka kumi na mmoja mwanamke huyu alikuwa ameyaondoa kwa uangalifu hata ramani zake zikasifiwa kwa usafi. Kufikia chakula cha mchana alikwisha kufuta mapaa arobaini na matatu.

Kesho yake shangazi yake, mkazi wa bonde hilo, aliingia ofisini akiwa amefungua mwavuli, ingawa dari ya ofisi ilikuwa nzima.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nirudishie paa langu."

"Liliondoka saa ngapi?"

"Saa nne kasorobo. Nilikuwa nachambua mchele, mara nikaona mwanga umekuwa mzuri mno."

Msafishaji alipekua kumbukumbu za kazi. Saa zililingana.

"Na majirani?"

"Wote vilevile. Wao ni waungwana, wametandaza maturubai wakanyamaza. Mimi ni damu yako, nimekuja kukugombeza. Wiki ijayo mvua inaanza, na kwa umri huu sitaolewa tena ili nijengewe nyumba nyingine."

Msafishaji alikwenda kwa mkuu wa kitengo, akamwomba ruhusa ya kuyarudisha mapaa yote. Mkuu alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya tai yake, wala hakuacha.

"Mteja ameagiza mawe," alisema. "Hakuagiza majirani."

"Lakini watanyeshewa, Mzee."

"Basi watanyeshewa chini ya ramani safi."

Aliporudi mezani pake, alilirudisha paa moja tu kimyakimya, akayaonea haya yale arobaini na mawili. Jioni shangazi alipiga simu.

"Limefika. Hata lile tundu la juu ya jiko limefika. Si ungeliziba kabisa, mwanangu?"

Ramani ilipochapishwa, bonde lote lilikuwa la buluu tulivu, isipokuwa alama moja nyekundu katikati. Mkuu aliiinamia kwa muda mrefu.

"Jiwe lenye pembe nne," alisema kwa furaha. "Mawe ya siku hizi yana adabu."

"Hilo lina shangazi yangu ndani."

"Mawe huwa na mambo mengi ndani," alijibu mkuu, akatia saini.

Baada ya siku tisa mtambo wa kuchimba ulisimikwa sebuleni kwa shangazi, kwa kuwa alama ilikuwa imeangukia hasa baina ya kabati na kochi. Wachimbaji walikuwa watu wa heshima. Walivua viatu mlangoni, wakabandua mabati mawili tu ili mlingoti upite, wakayaegemeza ukutani. Mvua iliyokuwa imeanza ikaingia hapo, ikakuta mtambo umewahi.

Msafishaji wa data aliomba likizo ya siku moja, akaja. Shangazi alimpokea mkoba.

"Ulisema utanirudishia paa," alimwambia. "Hukusema linakuja na wageni."

"Nisamehe, Shangazi."

"Kaa kwanza. Hapo hapana, hapo wanatoboa."

Dirishani majirani walikuwa wamesimama, maturubai vichwani, wakitazama jinsi kazi inavyokwenda. Msimamizi wa wachimbaji aliwapungia mkono, akaketi kochini, akafungua fomu yake juu ya goti.

"Idadi ya wakazi wa eneo," alisoma kwa sauti.

"Andika mia mbili na kumi," alisema msafishaji.

Msimamizi aliikunjua ramani yenye saini, akaikagua kutoka pembe hadi pembe, kwa haki kabisa. Kisha akaandika: *Hakuna*. Shangazi alikuwa amemletea chai. Msimamizi alimshukuru, akaonja, akaomba aongezewe sukari kidogo, naye akamwongezea.