Kufuli la Mama

Msiniambie wale vijana walikuwa na nia njema. Najua, mimi ndiye niliyewapikia chai.

Nasimamia nyumba ya kutunzia wazee, na mmoja wa wazee hao alikuwa mama yangu mzazi. Akili ilishaanza kumtupa mkono. Ukigeuka tu, huyo barabarani, anatafuta nyumba tuliyohama mimi nikiwa mdogo. Siku lori lilipomkosakosa, nilikwenda chuo cha ufundi kuomba msaada. Wakaniletea wanafunzi wa uhandisi wa kujitolea, wakiongozwa na mmoja tuliyempachika jina la Profesa, na mwenyewe hata ndevu hajaota.

Walifunga kufuli la umeme kwenye mlango wa mbele, wakaliwekea na betri yake umeme ukikatika. Mama wakamvika bangili ngumu ya plastiki isiyovulika bila ufunguo wao, maana ya kwanza aliitupa chooni. Bangili ikikaribia mlango, kufuli linabana. Ikienda mbali, linaachia. Profesa aliivaa kwanza yeye, akausogelea mlango, ukagoma kabisa. Wenzake wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, tena kwa nguvu.

Tatizo tuliliona wiki ileile. Mama akisimama pale, hatoki mtu. Daktari aliyekuja kumwona mzee mmoja alikwama ndani mpaka nilipomvuta Mama kwa biskuti. Tulicheka. Mpishi akasema sasa tumepata bawabu. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikampigia Profesa. Akakiri hawakulifikiria: waliombwa wamzuie, wakamzuia, na chuoni kazi imeshasahihishwa, wamepata alama za juu. Akaahidi kuja kuweka swichi ya kufungulia wakimaliza mitihani.

Moto ukaanzia jikoni, mchana kweupe, kwenye mpira wa gesi. Mlango wa nyuma uko hukohuko jikoni, na madirisha yote yana nondo. Moshi ulijaa ukumbini kufumba na kufumbua. Wazee wakakimbilia mlango wa mbele, wengine wakijikokota, na wa kwanza kufika alikuwa Mama. Aliushika mpini kwa mikono yote miwili, anavuta.

Nikamwambia asogee. Wapi! Nikaing'ata bangili kwa meno, haikutoa hata alama. Nyuma yangu mzee mmoja alikohoa, akaenda chini.

Basi nikamkumba Mama kiunoni, nikambandua pale mlangoni, nikamburuta kurudi ukumbini, ndani ya moshi. Alikuwa mwepesi kama mtoto, lakini alipigana. Kisha akanitazama usoni na kunitambua, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa miezi mingi.

"Mwanangu," akasema, "unanirudisha motoni?"

Nikazidi kumburuta. Nilisikia kufuli likiachia. Mpishi akauegemea mlango usijifunge tena, wazee wakatoka, wakimkokota yule aliyeanguka. Ndipo nikamtoa Mama.

Tulipona wote. Majirani wananiita shujaa. Profesa alikuja kulia mbele yangu, nikamwambia aondoke kabla sijamfanya kitu kibaya.

Mama sasa anakaa kwa dada yangu. Jina langu hanalo tena. Ila nikiingia tu, anajibana nyuma ya dada, anamshika nguo, anamsihi asimwache peke yake na mimi.