Balbu Iliyotobolewa

Balbu ilikuwa bado inawaka, na hiyo ndiyo iliyokuwa habari njema pekee asubuhi ile.

Dokta alikuwa ameitoboa kioo mwenyewe, kwa tupa nyembamba. Balbu iliyotobolewa haiwaki popote pale. Hewa huula uzi wake papo hapo. Hii iliwaka kwa kuwa ilikaa ndani ya sanduku la vioo lililojaa naitrojeni tupu, mahali ambapo hewa ya kawaida haikuruhusiwa hata kuchungulia. Wakemia wa zamani ndivyo walivyopima: uzi ukiwaka, sanduku ni safi. Kipimo cha kisasa kilikuwepo, kikafa, na ombi la kingine lilikuwa limeota mvi huko ofisini.

Mikono yake ilikuwa imezama hadi mabegani ndani ya glavu nene za mpira zilizofungwa kwenye ukuta wa sanduku. Feni ya maabara ilikuwa ya kutazamwa tu. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Mbele yake, kwenye kichupa, kulikuwa na unga mwekundu usiojaza kijiko cha chai.

Unga huo ndio uliomla ujana. Ulikuwa chuma kilichoshikanishwa na kaboni kwa namna aliyoibuni yeye, kichocheo cha kuharakisha kazi bila chenyewe kuliwa. Dawa ambayo hadi siku hiyo ilitengenezwa kwa madini yanayoshindana bei na dhahabu, ingetengenezwa kwa chuma, ndugu wa msumari. Lakini hewa ikiugusa tu, unageuka kutu. Maabara moja ng'ambo ilikuwa imekubali kuupima mwezi ujao. Ukifika salama, watu wangeamini. Usipofika, basi alikuwa mwanamke aliyekaa na sanduku maisha yake yote, na mali ghafi ya kutengenezea mwingine ilikuwa imekwisha.

Aliishi chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka yake. Majirani walisikia anaitwa Dokta wakawa wanamletea watoto wanaoharisha, na alipowaambia udaktari wake ni wa kemia, walimtazama kama mtu aliyewatapeli. Mama yake alipiga simu kila Jumapili.

"Huo unga wako, mwanangu, bado haujaiva?"

"Bado, mama."

"Mwenzio hapa alipika maandazi, akalea, akajenga. Wewe unga mmoja tu!"

Walicheka wote wawili. Simu ilipokatika, Dokta alibaki akiusikiliza ukuta. Tusipambe maneno: alikuwa mpweke. Kazini wenzake walimsalimia vizuri, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza balbu ile inawakia nini.

Siku mitungi mipya ya gesi ilipoletwa, hakuiunga kwenye sanduku. Alivuta mpira kutoka mtungi wa kwanza hadi kwenye chupa tupu, akaweka humo balbu nyingine iliyotobolewa, akawasha. Uzi ulimeta, ukatoa moshi mweupe, ukakatika. Mtungi wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo.

"Fundi, hii ni hewa. Wamejaza upepo humu."

Fundi Spana, mzee aliyetunza mabomba ya jengo zima, alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa kilichozidi mikono yenyewe kwa uchafu.

"Siri ya mtungi aijuaye kata, Dokta. Nilihisi tangu wanashusha."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nimwambie nani? Mwenye gari ni shemeji yake Mkurugenzi. Na mimi mkataba wangu wa kibarua, leo upo kesho haupo."

Dokta alipanda ofisini. Mkurugenzi alimsikiliza huku akichagua tai mbele ya kioo kidogo, maana mgeni rasmi alikuwa anakuja keshokutwa.

"Gesi ni gesi, Dokta."

"Si naitrojeni, Mkurugenzi. Ni hewa hii hii tunayovuta."

"Na unaivuta, na hujafa. Sasa shida iko wapi?" Katibu muhtasi alicheka, naye Mkurugenzi akacheka. Kisha akaacha. "Sikia. Huo unga nautaka wazi humo sandukuni, kwenye kisahani, chini ya taa. Waandishi watapiga picha."

"Nilitaka niufunge ndani ya kichupa cha kioo, mdomo uyeyushwe kwa moto, hadi siku ya kuusafirisha."

"Utaufunga wageni wakiondoka. Dada yangu, kichwa unacho, hilo sikatai. Ulichokosa ni watu. Hapa mtu hapandi kwa kichwa."

Alirudi chini akipiga hesabu ya mkemia. Ndani ya sanduku kulikuwa na gesi safi ya zamani, kidogo, lakini ya kutosha ikiwa hakuna atakayefungua chochote. Aliumimina unga kwenye kisahani mle mle sandukuni. Alifunga vali ya mtungi mpya uliokwisha kuungwa kwa amri ya Mkurugenzi, akamwapisha Fundi asiiguse. Alidhani vali ikifungwa imefungwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasemavyo. Siku yenyewe Dokta hakuwekwa maabara. Aliwekwa getini, kwenye mstari wa wanawake, na shada la maua mkononi, kwa kuwa yeye, aliambiwa, ana urefu mzuri. Msafara ulipoingia maabara yeye alikuwa mkiani, nyuma ya migongo ya suti, akichungulia.

Gesi ilikuwa imepungua, kwa hiyo glavu zilikuwa zimenyonywa ndani, zimesinyaa.

"Mbona hii mikono imelala?" Mkurugenzi alisema. "Fundi, hebu isimamishe."

"Usifungue, Fundi!" Dokta alipaza sauti. Watu waligeuka. "Mkurugenzi, tafadhali, asifungue."

Mkurugenzi hakugeuka. Alitabasamu kuelekea kamera.

"Fundi, hivi mkataba wako unaisha lini vile?"

Fundi alimtazama Dokta juu ya vichwa vya watu. Kisha akainama.

Gesi ililia ndani ya bomba. Glavu zilijaa taratibu, zikasimama, zikanyooka nje ya sanduku kama mikono ya mtu anayeomba apokelewe. Mgeni rasmi aliangua kicheko, akaushika mmoja, akausalimia. Kamera zilimulika. Balbu ikameta, ikatoa moshi mweupe, ikazimika.

Wekundu ulianza kufa pembeni mwa kisahani. Ukahawia ukatambaa kuelekea katikati.

"Mnaona!" Mkurugenzi alisema. "Hiyo ndiyo kemia! Rangi inabadilika mbele ya macho yenu!"

Walipiga makofi. Dokta alisukumwa mbele, na shada lake.

"Hongera sana, binti yangu," mgeni rasmi alisema. "Kwa hiyo hii ya kahawia ndiyo dawa yenyewe?"

"Hiyo ni kutu, mheshimiwa."

Mgeni rasmi akacheka tena. "Wasomi kwa unyenyekevu!" Chumba kizima kikacheka. "Ila taa yenu imeungua. Mkurugenzi, watu wa sayansi unawaacha gizani? Wapatie balbu."

"Leo hii, mheshimiwa."

Walipoondoka, Fundi alibaki mlangoni.

"Nina watoto, Dokta."

"Najua."

Alikuwa anajua kweli, na kujua huko hakukumpunguzia chochote.

Jioni simu iliita, na haikuwa Jumapili.

"Nimekuona kwenye taarifa ya habari!" Mama yake alikuwa akilia kwa furaha. "Nimewaita majirani wote. Umeiva, mwanangu? Unga umeiva?"

Dokta alifumba macho.

"Umeiva, mama."

Asubuhi gari la shemeji lilirudi nyuma hadi mlango wa maabara, likashusha makatoni ya balbu. Yalipangwa ukutani hadi dirisha likazibika. Makatoni ya mwisho, kwa kukosa nafasi, yaliegeshwa juu ya mikono ya glavu iliyokuwa bado imenyooka. Mkurugenzi alitaka moja ifungwe sandukuni haraka, kwa ajili ya picha ya taarifa ya mwaka, na kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kuogopa hewa, mlango wa sanduku uliachwa wazi na Dokta akaifunga kwa mikono mitupu.

Iliwaka vizuri sana. Kioo chake kilikuwa kizima.