Nani Aseme Karibu

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba mpaka wa nchi umehamia uani kwangu.

Mimi ni Mwakalobo, fundi wa friji hapa Tukuyu. Binti yangu Atuganile ni koplo jeshini. Jumapili alikuja kutueleza kwamba huenda kikosi chake kikapelekwa nchi ya jirani, ambako watawala wanawapiga risasi raia wao. Mama yake alimuuliza swali moja tu, nani kawaita. Atuganile akasema hilo ndilo linalojadiliwa huko juu. Kisha akaniuliza mimi nina maoni gani. Nikamwambia chai inapoa.

Basi ndotoni Mpaka amelala uani, kutoka chooni hadi kwenye banda la kuku, mwembamba, mrefu, amejifunika khanga ya mke wangu. Aliniomba radhi kwa usumbufu. Alisema kule alikokuwa majeshi yanamkanyaga kutoka pande zote mbili na mgongo umeanza kumsumbua. Nikamletea mto.

Ng'ambo ya Mpaka, pale penye migomba ya jirani, imesimama nyumba moja kubwa. Hiyo ndiyo nchi yenyewe. Mlango umefungwa. Ndani kuna mtu analia, na si kilio cha msibani. Ni kilio cha mtu aliyezibwa mdomo kwa mkono, na mkono ukateleza kidogo.

Upande wetu jeshi zima limepanga mstari na bunduki zake, na kila baada ya muda kidogo linasema hodi. Atuganile yuko mbele. Ananiamkia, naitikia. Kamanda wake ananieleza kwamba kwa kanuni za kimataifa hawaruhusiwi kuingia hadi mtu wa ndani aseme karibu.

Nikauliza kama kuna aliyesema.

"Wamejibu wawili," akasema kamanda. "Mmoja kasema karibuni, mwingine kasema ondokeni. Hatujui mwenye nyumba ni yupi."

Mpaka akainua kichwa kutoka kwenye mto. Akasema mwenye nyumba ni mwenye ufunguo, ndivyo sheria inavyotaka. Akalaza kichwa tena, akaongeza kwamba asilaumiwe, yeye alichorwa tu.

Wakati huo friji ya ndani ya ile nyumba ikaniita kwa jina, ikilalamika kwamba haigandishi. Kamanda akaona ni bahati. Jeshi likiingia ni uvamizi, akasema, ila fundi akiitwa ni kazi. Nikachukua mkoba wangu. Mpaka aliniomba nimruke, nisimkanyage, nami nikamruka, nikatua ndani ya nyumba.

Sebuleni mwenye ufunguo amekaa juu ya kabati, anakula karanga. Ufunguo ameuvaa shingoni.

"Haya ni mambo ya ndani," ananiambia, akinionyesha kwa mkono.

Mambo ya ndani yamepangwa vizuri kando ya ukuta. Kuna masufuria, magodoro yaliyokunjwa, na viatu vya watoto, vingi, na mtoto sikumwona hata mmoja. Nikauliza wenye viatu wako wapi. Akasema hilo ni la ndani zaidi.

Kwenye kona kulikuwa na Katiba, mama mtu mzima, amesimama ameegemea ukuta, miguu imevimba. Aliniambia amesimamishwa tangu mwezi wa tatu. Nikamsogezea kiti. Akakataa kwa adabu, akasema akikaa bila amri atakuwa amevunja sheria, na yeye ndiye sheria.

Nikafungua mlango wa jikoni, nikajikuta katika chumba cha kulala. Mle walikuwemo askari wa nchi nyingine, wageni wa zamani, ndevu zimewafika kifuani. Walikuja kulinda Amani. Amani mwenyewe ni mwanamke wa makamo, amekaa kitandani katikati yao, mikono mapajani. Nikamuuliza hali. Akasema anaomba kwenda chooni tangu siku waliyofika. Askari mmoja akanifafanulia, kwa upole kabisa, kwamba huko nje si salama.

Jiko nililipata nilipofungua kabati la nguo. Friji ilikuwa nzima, inagandisha vizuri tu. Ikaniambia imenidanganya ili nimsikilize mtu aliye nyuma yake. Nikaisogeza.

Nyuma yake alikuwa amechuchumaa mwanamke, amewakumbatia watoto wawili waliosinzia. Alisema anaitwa Selina, na yeye ndiye aliyesema karibuni.

Nikapiga goti ili tuongee kwa sauti ndogo. Nikamuuliza jeshi likiingia itakuwaje.

"Watavunja mlango wa mbele," akasema. "Yule mwenye ufunguo amewapanga watu nyuma ya huo mlango. Dada yangu yumo."

"Na wasipoingia?"

Akatazama jiko. Sakafuni palikuwa na mikeka, imekunjwa, imepangwa hadi dirishani.

"Juzi humu ndani hapakuwa na pa kukanyaga," akasema.

Friji ikaacha kunguruma. Nikamwambia kwamba binti yangu yuko pale nje mbele kabisa, na kwamba mimi nahitaji kujua jambo moja, waje au wasije.

"Nilisema karibuni, halafu nikaendelea kusema," akajibu. "Mlioko nje mlisikia lile la kwanza tu."

Kisha akanieleza yaliyobaki. Uani kuna mlango mdogo wa jikoni, umefungwa kwa kamba ya katani. Waje kwa hapo. Watoe watu kwanza, hayo mengine baadaye. Na kabla hawajaingia waseme wataondoka lini, na siku hiyo ikifika waondoke, maana wale wenye ndevu waliahidi wiki moja.

Nikasimama niende kumwambia kamanda. Hatua moja tu, jiko limekuwa uani kwangu, na jeshi lote limegeuka linanitazama.

"Baba," ananiuliza Atuganile, "niingie?"

Nikamtazama miguu. Nikakumbuka kwamba kule ukutani, mwisho wa vile viatu, palikuwa na nafasi ya jozi moja. Nikafungua mdomo nimwambie asiende. Mle ndani mtu akalia, mkono ukateleza tena, nami nikageuka kuitazama ile nyumba.

Nikaamka nimekaa kitandani, jasho limelowesha shuka. Mke wangu alikuwa ameshawasha jiko.

Atuganile alipiga simu kabla hatujanywa chai. Amri ilikuwa imetoka, wanaondoka leo. Aliongea na mama yake kwa muda mrefu, na zaidi ilikuwa sala. Kisha nikapewa simu mimi.

Nilimwambia sijui kama ni haki waende au wasiende, na sitamdanganya kwamba najua. Nilimwambia naogopa. Halafu nikamwambia wakifika wasivunje mlango wa mbele, kuna watu wamepangwa nyuma yake. Wazunguke uani, kuna mlango wa jikoni uliofungwa kwa kamba ya katani. Na wao wenyewe waulize wakubwa wao, kabla hawajaingia, siku ya kutoka ni lini. Ndoto sikuitaja, wala jina la Selina.

Nilisikia buti zake zikitembea kwenye kokoto, akijitenga na wenzake, upepo ukivuma kwenye simu.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "kumbe huyo Selina amekupigia simu na wewe?"