Hodi ya Tatu

Ngo, ngo, ngo. Makame anausikia mlio huo kabla hajaona kitu, mbao inagongwa taratibu na mkono usio na haraka, naye anajiambia ni bomba la maji moto, maana bomba la chumba chake hapa Portsmouth hugonga hivyo baridi ikizidi. Kisha usingizi wa mchana unamvuta miguu na kitanda kinamwachia. Anapotua yuko barabarani, mvua ndiyo kwanza imekatika, na simu aliyolala nayo sikioni bado ina sauti ya mama yake, Bi Mize, kutoka Wete: Makame baba, nitafutie nyumba aliyofikia babu yako. Nikifa sijajua alipolala, nani tena atamsomea hitima? Babu huyo, Shaame, alikuwa mtia makaa melini. Aliingia mji huu wakati wa vita, Bi Mize akiwa tumboni, akapanga chumba mtaa wa Portsea, karibu na lango la gati za manowari, na hakuonekana tena. Hakuna aliyesema amekufa, basi hitima haikusomwa, na binti amezeeka akimwombea mtu asiyejua amwite marehemu au amwite baba.

Barabara inaanzia mtaa wa Fratton, nyumba za matofali mekundu zimebanana bega kwa bega, na kila Makame akiumaliza mtaa, mtaa unaanza upya, mlango uleule wa kijani, paka yuleyule dirishani. Kwenye kona amesimama mtu mwenye kofia ya tarishi, na chini ya kofia hamna uso, pamelainika kama yai lililomenywa. Nyumba ya Shaame iko wapi, anauliza Makame. Tarishi anamjibu kwa Kipemba safi, bila mdomo: nyumba aliyoingia imehama, bwana wee, mwenyewe hakuhama. Mie nataka njia, sitaki vitendawili. Njia ndiyo hiyo unayoikanyaga, ila haifiki. Na hodi zako zitunze, kwa mji mzima wewe umepewa tatu tu. Makame anaelewa. Kwao mgeni hubisha mara tatu, asipoitikiwa hugeuka akaenda zake, na kurudi kubisha tena ni kukosa adabu.

Wanakwenda, au barabara ndiyo inayokwenda chini yao, hadi ncha ya bandari ya zamani, chini ya kuta za ngome, mahali wenyeji wanapopaita Kisiwa cha Viungo, na harufu ya karafuu mbichi inampiga Makame puani hata machozi yanamlenga. Mpemba ataacha kufikia hapa afikie wapi? Anausogelea mlango wa baa kongwe, anabisha. Hodi. Ndani kunachekwa, mlango unakuwa ukuta. Ya kwanza hiyo, anacheka tarishi. Kwani karafuu mmeumbiwa nyinyi tu? Wanafika Ukumbi wa Mji, ule ulioteketezwa na mabomu ya vita ukajengwa tena, na huku unaungua na kujengwa kwa pumzi moja, mafundi wanapandisha jiwe, moto unalishusha. Waliopotea usiku wa mabomu si watakuwa humu? Hodi, anaita Makame katikati ya nguzo. Mafundi hawageuki, hawana masikio ya kugeukia. Ya pili, anasema tarishi, na safari hii hacheki.

Portsea hakuna nyumba. Kuna uwanja wa kuegeshea magari, na dimbwi la mvua, na ndani ya dimbwi nyumba zote za zamani zimesimama kichwa chini, dohani zikifuka moshi, na moja ina taa juu ghorofani. Ni ile, anasema Makame, naye tarishi hakatai. Makame anapiga magoti. Akigonga kwa kidole nyumba itavunjika vipande, basi anaita kwa sauti tu, chini chini, kwa roho yake yote. Hodi. Taa inatulia. Hakuna kitu. Adabu inamnyanyua, anageuka, hatua moja, na nyuma yake, chini ya maji, mbao inagongwa kwa ndani. Ngo, ngo, ngo. Hodi, inasema sauti ya kijana wa Wete, mdogo kuliko Makame mwenyewe. Makame anataka kusema karibu, anajishika uso, uso umelainika kama yai. Tarishi anamvika kofia yake. Hodi wenyewe, inasema sauti. Hodi, ya tatu, kisha nyayo za mtu mwenye adabu zinakwenda zake, zinakwenda, hazisikiki.

Chumba. Dari. Barabara yenye maji nje ya dirisha, na ndani ya maji hayo mtaa mwingine ambao hathubutu kuutazama. Anagusa bomba, limepoa, halijawashwa tangu juzi. Simu ina joto sikioni. Makame, anasema Bi Mize, umesinzia, baba? Umempata? Anajipapasa mdomo kwanza, na hata akiupata hauamini, naye anajua kwamba aliyebisha mara tatu harudi.

Akibisha tena, mama, anasema kwa sauti kubwa ili ajisikie, nitamwitikia. Nakuahidi.