Msile Popote Kabla Sijaja

Mama hakunituma nikaone kaburi. Alinituma nikale.

"Kaburi ni udongo," alisema huku akipanga sahani mezani. "Na kibao ni kibao, mtu yeyote anaweza kulala chini yake. Nenda kale pale anapopika kaka yako. Ukikuta mkono si wake, njoo uniambie amekufa. Ukikuta ni wake, yu hai, kuna kitu tu kinamchelewesha. Nitakuamini wewe."

Alipanga sahani tatu: yake, yangu, na ile ya bati nyeupe iliyobanduka rangi ukingoni, ambayo ni ya kaka. Tangu tupigiwe ile simu alikuwa akiipakulia kila mlo, na tukimaliza kula anakirudisha chakula sufuriani kimya kimya. Hakuwa amelia. Waliokuja kutupa pole aliwapa viti na chai, kisha akawaambia hapa hakuna msiba.

Simu yenyewe ilikuwa fupi. Mwanamume tusiyemjua alisema mpishi ameugua kidogo tu, amefariki, wenzake wamekwisha kumzika, yuko upande wa bomba la maji. Ikakatika. Nilipopiga tena, mwenye simu akasema alimwazima mtu makaburini, wala hamjui.

Kaka aliondoka nyumbani kijana akaenda kupika katika ule mji ambao watu wa kila upande wamehamia na vyungu vyao. Kwenye simu hakuwa na habari nyingine ila chakula. "Mtaa mmoja tu, Kijiko," ndivyo alivyoniita, "unakula dunia nzima na bado unawahi kulala." Halafu anaanza: wale wenye mlango wa bluu, mkate wao mtamu lakini usiguse samaki, wale wa tambi, usikae ndani, kaa nje kwenye dirisha la jikoni utapewa na mfupa. Tukimuuliza yeye anapika wapi, anacheka. "Mkija mtapatambua wenyewe. Mkishindwa, basi hatukuzaliwa pamoja." Na mwisho wa kila simu alisema hivyo hivyo: "Ila msile popote kabla sijaja kuwapokea. Mtalishwa vya jana."

Lazima nieleze jambo la Mama, la sivyo mengine hayatakuwa na maana.

Mama hanusi. Homa ilimwondolea pua kabla mimi sijazaliwa. Anajua chumvi, anajua uchachu, lakini moshi na waridi kwake ni sawa. Kwa hiyo vitunguu vyake vya dengu viliungua siku zote. Alivitia kwenye mafuta, akageukia kazi nyingine, na alipovirudia vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi pembeni. Baba, Mungu amrehemu, alikula na kuomba aongezwe. Mimi nilipokuwa mdogo, siku moja nilifungua mdomo mezani nimwambie Mama chakula kimeungua. Kaka alikuwa mwepesi. Alinitia kijiko kilichojaa mdomoni hadi macho yakanitoka, na tulipokuwa nje akanishika bega. "Ukimwambia, nitakukana. Hatajua mpaka niingie kaburini." Tangu hapo akaniita Kijiko. Mama alidhani ni kwa sababu ya ulafi wangu.

Na kaka alijifunzia kupika kwenye sufuria hiyo hiyo, basi nilijua ninatafuta nini. Nilikuwa natafuta dengu zilizoungua.

Nilifika asubuhi. Mwenye nyumba ya wageni, mama mfupi mwenye funguo shingoni, aliniangalia juu mpaka chini.

"Umekuja kutembea au umemkimbia mume?"

"Nimekuja kula."

"Ala. Basi wewe una akili. Wengine wanakuja hapa kutafuta kazi, wananikondea mikononi."

Nilimwonyesha picha ya kaka. Aliisogeza karibu na dirisha, akaisogeza mbali. "Wapishi wa huku ni kama nzige, mwanangu. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Lakini sura hii," akanitazama mimi, "sura hii nimeiona." Akanirudishia picha haraka.

Makaburini nilikwenda kwanza. Nililiona bomba, nikakiona kibao chenye jina lake na chini yake neno moja, Mpishi. Bomba lilikuwa likidondosha maji. Nilisimama pale nikingoja kitu kinijie, hakikuja. Nilimwelewa Mama. Ule ulikuwa udongo kweli.

Lakini nilipoingia katika mtaa ule wa vyakula, kaka alianza kusema.

Sijui niliandike vipi. Si kwamba nilisikia sauti masikioni. Ni kwamba kila mlango niliofikia ulikuwa umekwisha kuelezwa. Mlango wa bluu ulikuwepo, na ndani yake mwanamume mwenye ndevu alikuwa akitoa mikate tanurini kwa koleo refu. *Usiguse samaki.* Nikaagiza mkate peke yake. "Samaki je?" akauliza yule bwana. Nikasema hapana, asante. "Nani amekuharibia samaki wangu?" akasema, nusu anatania. Nikamega mkate. Nilikula huku naona kana kwamba niko nyuma ya mtu mrefu anayetembea haraka, na ninachoona ni mgongo tu.

Kwa wale wa tambi sikukaa ndani. Nilikaa kwenye benchi lililo chini ya dirisha la jikoni, ambako mvuke ulikuwa ukitoka na kuniloweza nywele. Kabla sijaagiza, mkono ulitokeza dirishani ukanipa bakuli. Ndani yake mlikuwa na mfupa.

"Pilipili pembeni, kama kawaida," sauti ilisema. Kisha kichwa cha mzee mwembamba kikachungulia, kikanitazama.

"Samahani, mama," akasema. "Hapo ulipoinamia. Nimekufananisha."

"Na nani?"

"Kuna bwana alikuwa akikaa hapo hapo baada ya kazi. Anainama hivyo hivyo, kama mtu anayesikiliza bakuli."

"Alikuwa akifanya kazi wapi?"

"Hakusema, nami sikuuliza. Mpishi akija kula kwako, unamheshimu, humwulizi." Alifuta mikono. "Ila alikuwa akinuka moshi. Si wa kuni. Wa kitu kilichoungua."

Mfupa ule sikuweza kuumaliza.

Kesho yake nilitembea kwa pua. Nilipita milango kadhaa bila kuingia: nyama ya kuchoma, mchele wenye viungo, sukari inayoyeyuka, mafuta yaliyotumika mara nyingi. Wenye vyakula waliniita. "Karibu dada, ukipita hapa utajuta." "Mwache apite, yule amevimbiwa." Mchana ulipokuwa umepinduka, kwenye uchochoro mwembamba kati ya fundi viatu na duka la vyombo, ilinipiga. Vitunguu vyeusi pembeni. Nikashika ukuta. Harufu ile haikuwa ya mjini. Ilikuwa ya nyumbani, ya mimi na kaka tukitazamana juu ya sahani.

Ndani ya uchochoro palikuwa na chumba chenye meza ndefu moja tu. Watu walikaa bega kwa bega, na hakuna wawili waliofanana kwa sura wala kwa mavazi. Hawakuwa wakizungumza sana. Niliketi mwishoni. Niliwekewa bakuli la dengu na kipande cha mkate.

Nilitia kijiko mdomoni. Alikuwa yeye. Sisemi ilifanana. Chumvi iliyotangulia, kisha utamu, kisha ule uchungu nyuma ya ulimi unaobaki mpaka unywe maji. Nilisikia moyo wangu ukisema, Mama ana haki, yu hai, yuko nyuma ya pazia hili na akitoka nitampiga makofi.

Niliinuka nikafungua pazia.

Jikoni alikuwepo mwanamke peke yake, mpana, mwenye kitambaa kichwani na mikono yenye alama za mafuta. Wateja walimwita Jenerali. Aligeuka na mwiko hewani.

"Choo kiko nje, dada."

"Sitafuti choo."

Alinitazama. Mwiko ulishuka taratibu. "Wewe ni Kijiko," akasema.

Alinivutia kigoda. Alisema walifanya kazi pamoja hapo miaka mingi, yeye akitoka upande mmoja wa dunia na kaka upande mwingine, na walikuwa wakigombana kila siku ya Mungu kwa ajili ya vitunguu. "Nilimwambia, wewe bwana, vitunguu ni rangi ya dhahabu, unatoa. Akasema, Jenerali, hivyo bado vibichi. Nikasema utatufukuzia watu. Basi ikawa watu ndio wanaongezeka. Ukiwauliza, kila mmoja anasema kwao kulikuwa na mtu aliyekuwa akiunguza."

"Na sasa unapika wewe."

"Napika mimi." Alitazama sufuria kama mtu anayetazama mbwa asiyemwamini. "Siku tuliyomzika nilirudi hapa nikasema, Mungu amlaze, leo nitapika kwa adabu. Nikaweka vitunguu moto mdogo. Nikageuka kuchukua chumvi. Vikaungua. Nikamwaga. Nikaweka vingine, nikasimama, sikugeuka. Nilikuwa navitazama, dada. Navitazama, halafu nikashtuka ni vyeusi. Sijui nilikuwa wapi hapo katikati. Imekuwa hivyo kila siku. Sasa sishindani naye tena."

Hakuwa akitania.

"Niachie mimi," nikasema.

Alinipa mwiko. Nilimimina mafuta, nikatia vitunguu, nikapunguza moto mpaka ukawa utando wa bluu. Jenerali alisimama mlangoni, mikono kifuani. Vililainika. Viling'aa. Vikaanza kushika rangi ya dhahabu, na nikajua sasa ndiyo wakati wa kuvitoa. Nilijua kabisa. Nyuma ya shingo yangu palikuwa na joto, kama mtu mrefu ameinama kuchungulia sufuria juu ya bega langu, akivuta pumzi ya kunusa. Sikugeuka. Mkono wangu ulikuwa huru, hakuna aliyeushika. Ila haukukoroga. Ulikuwa ukingoja viive.

Moshi ulipopanda Jenerali aliniuliza polepole, "Ni yeye?"

"Sijui," nikasema. "Mimi pia ndivyo nilivyolelewa."

Nilimpigia Mama nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma.

"Nimekula, Mama."

"Mkono wa nani?"

"Wake."

Nilisikia akishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. "Nilisema mimi. Watu wananiona nimechanganyikiwa."

"Mama, anayepika ni mwingine. Mwanamke. Nimemwona kwa macho yangu, kaka alifanya naye kazi."

"Anakudanganya. Amemficha. Umejuaje ni mkono wake? Niambie kitu kimoja tu."

Ningeweza kusema chumvi. Ningeweza kusema nimehisi tu, na Mama angeendelea kuipakulia ile sahani ya bati mpaka siku zake ziishe, akirudisha chakula sufuriani. Nilihisi kijiko mdomoni mwangu, baridi, kimejaa hadi kooni. Nikakitema.

"Vitunguu vimeungua, Mama."

"Basi si yeye," akasema mara moja, karibu kwa furaha ya ubishi. "Mwanangu haunguzi. Nilimfundisha mwenyewe."

"Ndiyo, Mama. Ulimfundisha wewe."

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini.

"Tangu lini?"

"Tangu nipate akili."

"Na baba yenu?"

"Baba alikuwa akiomba aongezwe."

"Na hakuna aliyefungua mdomo."

"Mimi nilifungua. Kaka akanitia kijiko."

"Ndiyo Kijiko hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Mama alicheka. Kicheko kidogo kikavu, kilichotoka puani. "Mkanilisha aibu miaka yote, watoto wangu, na kule kaenda kuwaunguzia watu wa watu." Kisha kikakoma. "Kijiko. Angekuwa hai, ungeniambia?"

"Nisingekuambia. Alisema usijue mpaka aingie kaburini."

"Basi," akasema Mama.

Nilimsikia akivuta kiti.

"Basi mwanangu amekufa."

Akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, hata siku ya Baba, nami nikalia naye. Jenerali alizima jiko, akaja kukaa kando yangu kizingitini bila kuuliza kitu, mpaka simu ikapata moto sikioni. Kabla hatujakata nilisikia bati likigonga mbao. Ilikuwa kabati la vyombo.

Nimerudi nyumbani sasa. Mezani tunapanga sahani mbili. Watu walikuja tena kutupa pole, na safari hii Mama aliwaacha waseme.

Ila kuna jambo jipya. Anapopika dengu ananiita nisimame karibu na jiko niwe pua yake, maana anasema amechoka kuchekwa na wafu. Nasimama. Vitunguu vinalainika, vinang'aa, vinashika rangi ya dhahabu. Kiti cha kaka kiko nyuma yangu, na siku nyingine nasikia kikilia kidogo, kama mtu anayesogea mbele anuse vizuri. Mama naye nadhani husikia, kwa sababu huacha kufuta meza.

"Tayari?" ananiuliza.

"Bado, Mama," namwambia. "Bado kidogo."