Kasoro Asoma Hadi Mwisho

Kiwandani walimwita Kasoro, na jina likamganda. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kugeuza mashati ndani nje, kuyapitisha kwenye taa na kutafuta mshono uliokwenda upande. Akiona kosa, anabandika kibandiko chekundu, anatupa shati kwenye tenga, anashika jingine. Hapo hakuna kuendelea kukagua. Kosa moja linatosha, na anayezidi kulitazama shati lililokwisha kukataliwa huambiwa anapoteza muda wa watu.

Ubaya ni kwamba vibandiko vile alivileta hadi nyumbani, akavihamishia kwenye Biblia. Katika darasa la Maandiko, mwalimu hajakaa sawasawa, Kasoro ameshanyoosha mkono: mwandishi huyu anasema malaika mmoja kaburini, yule anasema wawili, sasa sisi tushike lipi? Kuuliza si dhambi, jamani. Lakini Kasoro hakuwa akiuliza, alikuwa akikataa mashati. Mkewe alishaacha kukaa karibu naye darasani, kwa aibu.

Jumatano moja kitinda mimba wao, binti wa miaka kumi na mmoja, alishikwa na tumbo shuleni. Hospitali wakasema kidole tumbo kimepasuka, wakamwingiza chumba cha upasuaji saa nne asubuhi. Saa saba wazazi walikuwa bado kwenye benchi la korido, macho mlangoni, na hakuna aliyetoka kuwaambia lolote.

Mama alikuwa ametoka nyumbani mbio, bila miwani wala Biblia yake. Akamwomba mumewe amsomee ile habari ya baba aliyempeleka mwanawe mgonjwa kwa Yesu. Kasoro alikuwa na Biblia yake mkobani, maana jioni ile ilikuwa ya darasa. Akaifungua, akakuta kibandiko pale pale mwanzoni. Mazoea yana tabu. Akakohoa, akaanza kueleza kwamba Injili nyingine inasema huyo baba alikuja akapiga magoti, na hii inasema alijibu kutoka katikati ya umati, kwa hiyo mtu mwenye akili zake lazima ajiulize.

"Baba watoto," mkewe akamkatiza, taratibu, bila hasira. "Mwanangu yuko kwenye kisu. Nisomee tu."

Basi akasoma. Akasoma jinsi mtoto yule alivyoteseka tangu utotoni, mara aanguke motoni, mara majini. Akafika pale baba anapolia kwamba anaamini, na papo hapo anaomba asaidiwe pale anaposhindwa kuamini. Kasoro alimwelewa yule mtu kuliko alivyowahi kumwelewa yeyote darasani. Akasonga mbele. Mtoto akatikisika vibaya, akalala kimya, na watu waliomzunguka wakasema amekwisha kufa.

Hapo Kasoro akaacha kusoma.

"Endelea," mkewe akasema.

"Sijui kinachofuata."

"Hujui? Miaka yote hii?"

"Huwa naishia kwenye kibandiko," akasema, akitazama sakafu.

Alijua amestahili kuchekwa. Mkewe hakucheka. Alisogea mpaka mabega yao yakagusana, akaweka kidole kwenye ukurasa asioweza hata kuuona vizuri, akamwambia asome.

Akasoma. Yesu akamshika mtoto mkono, akamwinua, naye akasimama. Kasoro akalia waziwazi, korido nzima ikimwona, wala hakujali.

Muuguzi alipofungua mlango aliwakuta wameinamia kitabu. Akasema upasuaji umekwenda salama, binti ameamka na anadai maji ambayo haruhusiwi bado kunywa. Mama akamtazama mumewe, na wote wawili wakacheka hadi muuguzi akabaki kuwashangaa.

Wodini binti alisinzia tena, akipumua vizuri. Kasoro akavuta kiti, akafungua tena kitabu. Hakutafuta kosa; alitaka tu kujua habari iliishia wapi. Akakuta wale wanafunzi walioshindwa kumponya mtoto wamemfuata Yesu ndani ya nyumba, wakiwa peke yao, na wanamuuliza ni kwa nini walishindwa.

"Kumbe hata wao walikuwa na maswali," akanong'ona.

"Walikuwa nayo," mkewe akajibu. "Ila walimpelekea Yesu mwenyewe."

Kasoro alifunga kitabu, akainamisha kichwa kando ya kitanda cha mwanawe. Maswali alikuwa nayo tele, ya miaka na miaka. Alimshukuru Mungu kwanza. Kisha akauliza moja tu, akatulia kusubiri.