Dakika ya Kumi na Tisa

Fundi Kanda alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja wenye haraka: hakugeuza video nzima kuwa faili jepesi kabla hajageuza dakika moja ya majaribio, akaitazama, akaridhika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Zamani aliwahi kuigeuza harusi ya saa sita kwa mkupuo mmoja, akamkabidhi bwana harusi kazi ambayo midomo inafunguka leo, sauti inakuja kesho. Aibu ile ilimkaa.

Alifanya kazi peke yake katika chumba cha ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Watu walileta kanda zao za zamani, wakaziacha, wakaenda zao. Kuna siku zilizokwisha hajatamka zaidi ya "karibu" na "njoo kesho kutwa."

Asubuhi hiyo aliingia mwalimu mstaafu, mama aliyekwisha pita makamo, kuulizia kanda aliyoiacha juzi kwa haraka.

"Shikamoo, mwalimu," alisema fundi, kichwa kiko ndani ya droo. Kimya. Alipoinua uso, mama alikuwa amejigusa sikio.

"Masikio haya yaliniaga, mwaka wa nne sasa. Ukisema nami nitazame, nisome mdomo."

Fundi akarudia salamu polepole.

"Marahaba, mwanangu."

Kanda ilikuwa ya sherehe ya mpwa wake, saa tatu nzima. Marehemu mumewe alikuwamo.

"Alikuwa anakimbia kamera kama deni," mama alisema. "Humo tu ndimo alimonaswa akiongea. Deki yangu ya kanda ilikufa kitambo. Nataka nimwone kwenye televisheni, nijue alisema nini."

Fundi alikuwa ameshaiingiza kanda kwenye kompyuta. Faili lilikuwa zito kama gunia la mawe, lisingeingia kwenye flashi ya mama mpaka lipunguzwe. Akasogeza mbele, mbele tena, hadi dakika ya kumi na tisa, mama akapiga meza: "Huyo!" Mwanamume mrefu, suti imempwaya, anasema jambo kwa mpiga video. Muziki ulikuwa umemeza sauti yake yote. Hata mwenye masikio asingeambulia neno.

Akaikata dakika ile, akaigeuza. Mama akainamia kioo cha kompyuta.

"Mdomo umekuwa uji," alisema.

Kweli, fundi alikuwa amelibana faili mno. Akalilegeza, akageuza tena. Safari hii uso ulitulia, lakini kila bwana yule alipotikisa kichwa, mistari ilimchana midomo kama meno ya kitana. Kwa mteja mwingine fundi angesema inatosha. Akabadili mpangilio wa kuondoa mistari, akageuza mara ya tatu.

Midomo ya mama mwenyewe ilianza kucheza, ikimfuata mumewe. Akarudishiwa mwanzo. Akarudishiwa tena.

"Anasemaje?" fundi aliuliza, kisha akakumbuka, akamgeukia na kuuliza upya.

"Anamwambia mpiga video, 'Mwache mke wangu ale kwanza. Tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni.'" Akaonyesha pembeni ya picha, mwanamke aliyeinamia sahani. "Huyo ni mimi. Nilikuwa nimenuna. Nilijua amekaa na wenzake, amenisahau. Nilimnunia wiki nzima, fundi. Naye hakunieleza."

Fundi akauweka mpangilio ule kwenye video nzima.

"Kuigeuza yote kutachukua saa mbili," alisema.

"Nitangoja. Nyumbani hakuna wa kuniuliza nilikuwa wapi."

Akaondoa nyaya kwenye kiti cha pili, mama akaketi. Mashine ikavuma. Baada ya kitambo mama akauliza, "Na wewe? Nani anakungoja nyumbani?"

Fundi alijibu huku ameikazia macho kompyuta, kama alivyozoea kulijibu swali hilo, neno moja la kunong'ona.

"Sijakuona. Geuka."

Akageuka. "Hakuna, mwalimu."

"Umesema 'hawana'?"

"Nimesema hakuna." Ikambidi afungue kinywa vizuri, atamke kila silabi. "Naishi peke yangu. Mwaka wa tisa huu."

Hakuwa amewahi kuyasema wazi hivyo kwa mtu. Mama hakumpa pole wala mawaidha.

"Basi tuko wawili," alisema, wakageuka kutazama asilimia zikipanda kwenye kompyuta.

Zilipotimia mia, fundi akakagua mwanzo, kati na mwisho, akamkabidhi flashi. Mama akaifunga kwenye ncha ya kitambaa, akashuka ngazi ameshika ukuta. Fundi alisimama mlangoni mpaka hatua zake zikapotea. Kisha akaketi, akaiwasha ile dakika, akajaribu kufuatisha midomo ya bwana yule pale anapomsemea mkewe. Hakuambulia zaidi ya neno "ale."